Utayari Hauji na Mgonjwa: Mazungumzo ya Kuibua Ari na Uzingativu katika Tiba ya Uraibu wa Heroini Dar es Salaam

Ikisiri

Katika huduma za uraibu, mtu asiyefika kliniki au anayeiacha tiba huelezwa kuwa "hajawa tayari". Makala haya yanadai kwamba utayari ni jambo linalozalishwa na huduma yenyewe, na kwamba huzalishwa kwa mpangilio maalumu: kwanza dawa inayotuliza arosto (maumivu ya mwili yanayotokana na kuikosa heroini), kisha mazungumzo yanayoibua sababu za mteja mwenyewe, kisha zoezi la uzingativu linalomwezesha kuzishika sababu hizo hamu inapomjia. Kwa kutumia mazingira ya Msimbazi na Kariakoo, makala yanaonyesha kwamba heshima ya mazungumzo yetu huweza kumpotosha mshauri katika kupima utayari, na kwamba mazungumzo na uzingativu vinahitajiana. Yanamalizia kwa mapendekezo kwa kliniki za methadoni na mashirika yanayowafikia waraibu maskani, yaani vijiweni mwao.

Utangulizi

Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ni mwendo wa miguu. Anayetoka Kariakoo akapita Fire na kushika Barabara ya Umoja wa Mataifa hahitaji nauli. Februari 2011, katika hospitali hiyo, ilifunguliwa kliniki ya kwanza nchini ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, na baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Dawa hutolewa bila malipo, na kwa kawaida mteja huinywa kila siku mbele ya mhudumu.

Kwa hiyo kijana anayebeba viroba sokoni Kariakoo, au anayepiga debe kituoni na kumalizia siku yake maskani, ana tiba karibu naye na hadaiwi hata shilingi. Hata hivyo, wapo wengi ambao hawajawahi kuingia kliniki, na wapo walioingia wakatoka. Ukiuliza sababu, jibu linalokuja haraka ni kwamba hawajawa tayari. Ndugu zao husema hivyo, polisi husema hivyo, na wahudumu waliochoka nao husema hivyo hivyo.

Jibu hilo lina faida kwa anayelitoa, kwa kuwa linaihamishia lawama nzima kwa mgonjwa. Linachukulia utayari kuwa kitu ambacho mtu huja nacho mlangoni, na asipokuwa nacho arudi akakitafute. Makala haya yanashika msimamo tofauti. Utayari hukua au hufifia kutokana na namna mtu anavyopokewa, anavyoulizwa na anavyosikilizwa, na kutokana na hali ya mwili wake saa anapoulizwa. Zipo mbinu mbili zilizofanyiwa utafiti wa kutosha duniani zinazohusu jambo hili: mazungumzo ya kuibua ari, na uzingativu, yaani mazoezi ya kuelekeza akili kwenye kinachotokea sasa, mwilini na moyoni, bila kukihukumu wala kukikimbia. Hoja yangu ni kwamba mbinu hizi hufaa zaidi zikitumiwa pamoja, na kwamba mpangilio ukivurugwa hugeuka kuwa mzigo mwingine kwa mgonjwa.

Arosto na hamu ni mambo mawili

Lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kawaida huvichanganya.

Arosto ni ugonjwa wa mwili. Heroini, inayoitwa unga mitaani na kuuzwa kwa vipimo vidogo viitwavyo kete, haikai muda mrefu mwilini. Kati ya saa sita na kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, mwili huanza kudai. Mtu hupiga miayo mfululizo, makamasi na machozi hutiririka, vinyweleo husimama, viungo huuma, tumbo huvurugika. Anayeishi hivyo huigawa siku yake kwa kete: ipo ya kutoa arosto asubuhi ili aweze kusimama, ipo ya mchana, na ipo ya kulalia. Starehe iliyomvuta mwanzoni huwa imekwisha zamani.

Nguvu ya arosto ilionekana wazi mwaka 2005, pale Sheryl McCurdy na wenzake, wakiwemo Gad Kilonzo na Melkizedeck Leshabari wa Muhimbili, walipoeleza katika jarida la kitabibu la Uingereza desturi waliyoikuta miongoni mwa wanawake waraibu wa Dar es Salaam. Mwanamke aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na pesa ya kete, naye akajidunga damu hiyo akiamini kuwa unga uliobaki ndani yake utamtuliza. Hatari ya VVU katika kitendo hicho ni kubwa mno. Anayesoma taarifa ile na kuhitimisha kwamba tatizo ni ukosefu wa elimu hajaielewa arosto. Katika saa kama ile, kinachotafutwa ni nafuu ya dakika chache, na mahubiri juu ya kesho hayana pa kushika.

Hamu ni kitu kingine. Humjia mtu ambaye tayari yumo kwenye methadoni, mwili wake umetulia, na hana arosto. Amelipwa ujira wake, anapita Mtaa wa Kongo, anakutana na mwenzake wa maskani, na ghafla kifua kinambana na mawazo yote yanageukia unga. Wakati mwingine kinachoichokoza ni ugomvi wa nyumbani, au jina la dharau lililorushwa na mpita njia. Hamu haimuui mtu wala haimlazi kitandani, lakini ndiyo inayomrudisha kwenye unga baada ya miezi ya kujitahidi.

Tofauti hii ina matokeo ya vitendo. Arosto hutibiwa kwa dawa. Methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu kiasi cha kutosha kunywewa mara moja kwa siku, na utafiti uliofanyika katika kliniki ya Muhimbili ulionyesha kuwa waliopata dozi kubwa walidumu kwenye tiba kuliko waliopata ndogo. Matokeo hayo yanapaswa kumnyenyekeza kila mwenye kuamini kwamba nia pekee hutosha. Kumfundisha mtu kupumua taratibu akiwa katikati ya arosto ni kumtesa, na kumuuliza ana ndoto gani za maisha huku makamasi yanamtoka ni kumkosea heshima. Mazungumzo na uzingativu vina eneo lao, na eneo hilo ni hamu, mashaka, na maamuzi yanayofanywa mwili ukiwa umetulia.

Mazungumzo yanayoibua ari

Mbinu hii ilianzia kwenye kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller. Mwaka 1982 alikuwa Norway, akifanya kazi na wanasaikolojia vijana katika kliniki ya walevi karibu na Bergen. Walimwomba awaonyeshe anavyozungumza na wagonjwa, na kila alipowaonyesha walimuuliza kwa nini ameuliza hili na kuliacha lile. Maswali hayo yalimlazimu kuyaweka wazi mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mazoea. Mwaka uliofuata alichapisha makala ya kwanza, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu ambacho toleo lake la nne lilichapishwa mwaka 2023.

Kiini chake ni rahisi kueleza na kigumu kutenda. Mtu anayetumia kilevi huwa na nafsi mbili: moja inataka kuacha, nyingine inataka kuendelea. Mshauri akiushika upande wa kuacha na kuutetea kwa nguvu, mteja hubaki na upande mmoja tu wa kusimamia, nao ni wa kuendelea. Miller na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 1993: kadiri mshauri alivyozidi kumkabili na kumbana mlevi, ndivyo mlevi yule alivyoonekana kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mshauri hujizuia kuhubiri. Huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, hutambua juhudi alizokwisha kufanya mteja, humrudishia maneno yake ili ayasikie upya, kisha huyakusanya.

Mfano ufuatao nimeutunga, lakini kila aliyekaa na waelimishaji rika wa mjini atatambua sauti zake. Kwanza, mazungumzo ya kawaida kati ya mshauri na kijana mraibu:

"Mdogo wangu, unga utakuua. Muonee huruma mama."

"Kweli dada."

"Basi kesho uje kliniki, sawa?"

"Sawa dada, Mungu akipenda."

Kesho yake hakuonekana. Sasa tuchukue watu hao hao wawili, siku nyingine, kijana akiwa ametulia:

"Hebu niambie, unga unakusaidia nini?"

"Ukweli dada, bila kete sinyanyui hata kiroba. Nikishatoa arosto ndiyo nakuwa mtu."

"Ndio unaokufikisha kazini."

"Ee. Ila zamani nilikuwa nabeba toka alfajiri mpaka saa nane, na hela inabaki. Siku hizi nikipata elfu kumi, saba imeshakwenda."

"Yaani siku nzima unaifanyia kazi kete."

"Naifanyia kazi kete, ndiyo. Mwanangu yuko darasa la pili, daftari ananunuliwa na bibi yake."

"Na hilo linakuuma."

"Linaniuma. Baba yake ni mimi."

"Tuseme kutoka sifuri mpaka kumi, uko tayari kiasi gani kuijaribu kliniki?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu, isiwe sifuri?"

"Kwa sababu ya mtoto. Halafu kuna jamaa yangu anakunywa methadoni. Nimemuona, kanawiri."

Swali la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. Angeulizwa kwa nini si kumi, angetaja vizuizi vyake vyote na kuondoka akiwa amejishawishi kwamba haiwezekani. Alipoulizwa kwa nini si sifuri, alilazimika kutafuta sababu zake mwenyewe, na akazitoa mbili ambazo mshauri hakuwa amezitaja. Kuanzia hapo, hoja ya kwenda kliniki ni mali yake.

Ndiyo ya heshima

Mbinu hii, hata hivyo, haiwezi kuhamishwa kutoka Bergen hadi Kariakoo bila marekebisho. Watafiti wake hupima maendeleo kwa kuhesabu kauli za mteja: zinazoelekea mabadiliko huchukuliwa kuwa dalili njema, na zinazotetea hali ilivyo huchukuliwa kuwa dalili mbaya. Kipimo hicho kinadhani kwamba mteja husema anachofikiri.

Kwetu, kijana hambishii mkubwa wake usoni. "Sawa dada", "kweli mzee", "nitajitahidi, inshallah" ni maneno ya adabu yanayofunga mazungumzo kwa amani. Mshauri anayeyahesabu kuwa kauli za mabadiliko atajaza fomu nzuri na kubaki na kliniki tupu. Tatizo huwa kubwa zaidi pale mhudumu anapokuwa na uwezo wa kumpa au kumnyima mtu nafasi ya tiba. Mwombaji akijua kwamba anapimwa utayari, ataonyesha utayari. Kinachopimwa hapo ni ufundi wake wa kujieleza, na ufundi huo wengine hawana ingawa wanaihitaji dawa zaidi kuliko wengine.

Napendekeza dalili tatu ambazo heshima peke yake haiwezi kuzitoa. Ya kwanza ni mteja kuleta jambo ambalo mshauri hakulitaja, kama lile daftari la mtoto. Ya pili ni umahususi: siku, mtu, mahali, njia atakayopita. Ya tatu, ambayo wasomi wa mbinu hii wangeitilia shaka, ni ukinzani mdogo. Anayesema "Jumatatu haiwezekani, kuna mzigo unashushwa, nitapita Jumanne" amemkatalia mshauri, na katika kukataa huko ameonyesha kwamba anaipanga safari kweli. Katika mazungumzo ya mwanzo na vijana wa mjini, mshauri anayekubaliwa kwa kila neno anapaswa kushtuka, kwa sababu huenda bado anazungumza na adabu ya mtu badala ya mtu mwenyewe.

Uzingativu na dakika za hatari

Tuseme mazungumzo yamefanikiwa. Kijana ameanza dozi, arosto imeisha, na sababu zake anazijua. Wiki ya sita analipwa na kukutana na mwenzake wa maskani. Sababu zake hazijabadilika, ila kwa wakati huo hazipatikani. Hamu imeijaza akili yote. Hapa ndipo mazungumzo ya kuibua ari, yakiwa peke yake, hufika mwisho wa uwezo wake.

Mazoezi ya uzingativu yaliingia hospitalini kupitia Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha programu ya kupunguza msongo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979. Alan Marlatt, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini waraibu hurudia, aliyaleta katika uwanja wa uraibu pamoja na Sarah Bowen na Neha Chawla. Marlatt aliifananisha hamu na wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka lenyewe, hata kama mtu hakulitii. Anayepigana nalo huchoka na kuzama. Anayeliangalia likija na kupita hugundua kwamba lina mwisho.

Zoezi lenyewe ni dogo. Mtu husimama alipo. Hutambua kinachoendelea mwilini: kifua kimebana, mate yamejaa, miguu inataka kwenda. Huifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Kisha hupanua usikivu kwa mwili mzima na mahali alipo, na hapo huchagua hatua ya kufuata. Kwa mtu wa Kariakoo hakuna sababu ya kudai chumba tulivu na mkeka. Honi, matangazo ya spika na kelele za wauzaji haziishi, na hamu yenyewe haitamsubiri afike mahali patulivu. Zoezi lianzie pale pale atakapolihitaji: kwenye foleni ya dozi asubuhi, akisikia uzito wa miguu yake ardhini, au kabla ya kubeba kiroba, kwa pumzi tatu.

Ushahidi unatutaka tuwe na kiasi. Mwaka 2014 Bowen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 286, na baada ya mwaka mmoja kundi la uzingativu lilikuwa na siku chache zaidi za kutumia kilevi kuliko makundi mengine. Uchambuzi wa tafiti kadhaa kwa pamoja, uliotoka mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana katika kurudia, ila uliona nafuu ndogo katika hamu na katika madhara ya matumizi. Vivyo hivyo, mapitio ya tafiti za mazungumzo ya kuibua ari yaliyotoka mwaka 2011 yalikuta kwamba faida yake huonekana mwanzoni na kupungua kadiri muda unavyokwenda.

Nayasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja. Mazungumzo humpa mtu sababu, na sababu huchakaa. Uzingativu hupunguza nguvu ya hamu, lakini hamu iliyopungua haimwambii mtu aelekee wapi. Mwenye sababu bila uzingativu hushindwa katika zile dakika chache za hatari. Mwenye uzingativu bila sababu huweza kuitazama hamu yake kwa utulivu kabisa, kisha akaenda kununua kete kwa utulivu huo huo. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya zoezi, ile ya kuchagua, inapaswa kujazwa maneno ambayo mteja mwenyewe aliyasema kwenye mazungumzo. Mshauri huyaandika kama yalivyotamkwa, na katika zoezi huyarudisha: "Baba yake ni mimi."

Yupo pia mtu wa pili anayehitaji uzingativu, naye ni mshauri. Kinachoharibu mazungumzo mengi ni ile haraka ya kurekebisha: mteja ametamka neno la kukata tamaa, na kabla hajamaliza mshauri ameshaanza nasaha. Anayeweza kuiona haraka hiyo ikipanda kifuani mwake, akavuta pumzi moja na kunyamaza, ameshika nusu ya ufundi.

Pingamizi

La kwanza ni la kidini. Mazoezi haya yana asili ya Kibuddha, na mji wa misikiti na makanisa una haki ya kuuliza yanatoka wapi. Jibu la kweli ni kwamba asili hiyo ipo, na kwamba yanavyofundishwa hospitalini hayana dua wala mungu. Mshauri aseme hivyo waziwazi na asiyapambe kwa dini ya mteja ili yakubalike. Muislamu anayejua kuutuliza moyo kwa unyenyekevu ndani ya swala, au Mkristo aliyezoea sala ya kimya, anaweza kuuona mfanano mwenyewe. Tahadhari nzito zaidi inawahusu waliopigwa au kubakwa mitaani, hasa wanawake. Kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kuwarudisha kwenye tukio lile. Wao wafanye macho yakiwa wazi, kwa muda mfupi, na wawe huru kuacha.

La pili ni la muda na watu. Kliniki zina foleni, na wanasaikolojia ni wachache. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, wenye washiriki zaidi ya 1,700 wenye tatizo la pombe, ulikuta kwamba vikao vinne vilivyojengwa juu ya misingi ya mazungumzo haya vilikaribiana kwa matokeo na vikao kumi na viwili vya tiba nyingine. Hapa kwetu, Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikijaribu mazungumzo mafupi ya aina hii kwa majeruhi wenye matumizi mabaya ya pombe, chini ya jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Zimbabwe, kupitia Benchi la Urafiki la Dixon Chibanda, imeonyesha kwamba bibi wa mtaani aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa anaweza kutoa tiba ya mazungumzo yenye matokeo yanayopimika. Waelimishaji rika wa Dar es Salaam wanaijua mitaa, lugha na maskani zake. Wanachokosa ni mafunzo marefu na msimamizi wa kuwasikiliza wakifanya kazi.

La tatu ndilo lenye uzito zaidi: kwamba mbinu zote mbili huyageuza matatizo ya maisha kuwa mambo ya moyoni. Mizigo mingi ya Kariakoo hushushwa alfajiri na asubuhi. Mpagazi anayekwenda kunywa dozi saa hizo anaikosa kazi ya siku, na kesho yake, akikwepa kuukosa ujira tena, ataikosa dozi. Kumpa mazungumzo ya kuibua ari na kuyaacha masaa ya kliniki kama yalivyo ni kumlaumu kwa lugha laini. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu, kwa sababu mazungumzo mazuri hutoa taarifa pamoja na ari. Vijana kumi wakisema kwa nyakati tofauti kwamba kinachowashinda ni saa ya kufungua, hilo limeshatoka kwenye utayari wao na kuingia kwenye ratiba ya kliniki, na mshauri ana wajibu wa kulifikisha kwa mganga mkuu.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na hoja hizi. Kwanza, utayari usitumike kuchuja wanaoingia. Mwenye arosto apokewe na aanzishiwe dawa kwa vigezo vya kitabibu, na mazungumzo ya kina yaanze mwili wake ukishatulia. Pili, mafunzo ya washauri na waelimishaji rika yajengwe juu ya mazungumzo halisi yaliyorekodiwa kwa idhini ya mteja, na wapimwe kwa kiasi cha mambo mapya yanayoletwa na mteja, wala si kwa idadi ya "ndiyo" walizokusanya. Tatu, ufanyike utafiti wa kulinganisha katika kliniki za jiji: kundi moja lipate mazungumzo peke yake, na jingine lipate mazungumzo pamoja na uzingativu uliofungwa kwenye maneno ya mteja, yote yakiwa kwenye dozi ya kutosha, na yafuatiliwe kwa mwaka mzima badala ya wiki chache ambazo kila mbinu hung'ara.

Mapendekezo hayo yana gharama. Dawa ikitolewa kabla utayari haujathibitishwa, watakuwepo watakaoinywa wiki mbili na kupotea, na takwimu za kudumu kwenye tiba zitashuka. Wasimamizi na wafadhili watalalamika. Lakini wanaopotea baada ya wiki mbili wanajua sasa kliniki iko wapi, wamelala usiku kadhaa bila arosto, na yupo mtu mmoja pale aliyewauliza swali na kusubiri jibu. Wakirudi, hawaanzi sifuri. Waliozuiwa mlangoni hawahesabiwi popote, na ndiyo sababu takwimu za kliniki inayochuja huonekana nzuri.